Alama Mbili Kwenye Puli

Shangazi yangu wa Mungaa hakuwa na simu. Akitaka kuzungumza nasi alikwenda kwa jirani yake, mwalimu mstaafu, akasalimia, akapewa kigoda, kisha akaongea kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya shamba. Asubuhi ile hakuhitaji muda mrefu.

"Mwambie kaka nimekubali," alisema. "Nitakuja kukaa huko mjini. Lakini anifuate yeye mwenyewe, na aje na lile gari lake. Mkinitumia gari la kukodi nitalirudisha kama lilivyokuja."

"Shangazi, lile gari halijawaka miaka miwili."

"Basi liwasheni. Kwani limezikwa?"

Nilikuwa nimeiweka simu kwenye spika ili baba asikie, kwa kuwa yeye ndiye kaka aliyekuwa akitajwa. Alikaa kibarazani kwenye kiti chake cha mbao chenye mikono, kiti ambacho hakikuondolewa pale tangu kiharusi kilipompiga na kuchukua upande wake wa kulia pamoja na maneno yote. Vilivyobaki ni mkono wa kushoto na kichwa. Kidole kimoja juu, ndiyo. Kichwa kikitikiswa, hapana. Shangazi alikuwa hajamaliza kuongea na kidole kilikuwa juu.

Tulikuwa tumembembeleza shangazi kwa miezi mingi. Aliteguka nyonga akichota maji, na tangu hapo alitembea kwa fimbo. Watoto wake wawili wanaishi mbali. Kila tulipomwomba aje tuishi naye hapa Singida alijibu kwamba nyumba yake haijamfukuza. Sasa alikuwa amekubali kwa sharti moja, na sharti lenyewe lilikuwa limeegeshwa nyuma ya nyumba yetu chini ya mabati, kuku wakitaga ndani ya bodi lake.

Ni pikapu ya Kifaransa, nyeupe ya rangi ya maziwa yaliyokaa, yenye gia kwenye usukani na kiti kimoja kirefu mbele kinachotosha watu watatu. Baba aliinunua ikiwa imetumika, kabla mimi sijazaliwa. Ilibeba alizeti kutoka Sepuka, vitunguu, mabati ya kanisa, maharusi, maiti na wagonjwa. Sijui mtu wa ukoo wetu ambaye sikuwahi kumwona akipanda gari lile. Isipokuwa mmoja.

Hilo nililiona tangu utotoni, na kwa kuwa kazi yangu baadaye ikawa ya kuuliza maswali na kuandika habari, nilipaswa kuwa nimeliuliza vizuri. Shangazi alikuja kwetu kwa basi, kwa baiskeli, mara moja juu ya lori la mkaa, siku ambayo pikapu yetu ilikuwa inatoka Mungaa tupu. Niliwahi kumwuliza mama sababu. Mama aliendelea kupepeta uwele, akasema, "Kila mtu na miguu yake." Niliishia hapo.

Kwetu mtu mzima haitwi, anafuatwa. Ukitaka ahame, anakwenda mwenye neno naye, siyo mtoto wa mwenye neno. Kwa hiyo sharti la shangazi, kwa nusu yake ya kwanza, halikumshangaza mtu. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nisimame nyuma ya nyumba nikilitazama gari kama mtu anayemtazama shahidi ambaye hakuwahi kuitwa. Baba alikuwa mzee, shangazi alikuwa mzee, na kiharusi cha pili hakipigi hodi. Kama gari lisingefika Mungaa mwezi ule, huenda lisingefika kabisa huku wote wawili wakiwa hai.

Nilianza Jumatatu, na nilifanya kwa mpangilio, kwa sababu bila mpangilio mimi si kitu. Niliwahamisha kuku. Nilimwaga petroli ya zamani iliyokuwa imeanza kunuka kama rangi. Nilifunga betri mpya, nikaosha kabureta, nikasugua platini zinazokatisha umeme kwa msasa laini. Haya yote alinifundisha baba nilipokuwa binti, kwa sababu kaka zangu walipenda kuendesha na hawakupenda kuchafuka. Kisha nikafanya kosa la kwanza. Ekseli ya distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi, ilikuwa imekwama kwa kutu, nikaichomoa distributa nzima ili niilainishe mezani, na sikuandika ilikuwa imekaa vipi.

Jirani yetu ni fundi wa pikipiki, mtu wa makamo mwenye maneno mengi kuliko spana. Alikuja akaegemea ukuta.

"Dada, umeichomoa bila kuweka alama?"

"Nimesahau."

"Na wewe ndiye mwandishi!" Alicheka mpaka akajipangusa macho. "Unaandika mikutano ya watu wote mkoa huu, distributa ya baba yako inakushinda?"

"Nisaidie basi."

"Mimi? Magari siku hizi nachomeka kompyuta, inaniambia ugonjwa. Hili nitalichomeka wapi? Muulize mwenyewe." Akageuka kibarazani, akainamisha kichwa. "Shikamoo mzee."

Baba akainua kidole.

Kwa hiyo ilibidi kufunga taimingi upya, kuanzia mwanzo. Kwa asiyejua: injini ya namna ile inahitaji cheche ya moto ifike kwenye silinda wakati pistoni inakaribia kufika juu. Ikiwahi sana, injini inagonga. Ikichelewa, inawaka lakini haina nguvu, na inachemka. Ili fundi asibahatishe, kwenye puli, lile gurudumu la mbele linalozungusha mkanda wa feni, huwa pana mkato mdogo, na kwenye mwili wa injini pana ncha ya chuma. Mkato ukitazamana na ncha, hapo ndipo cheche inatakiwa kuruka. Kazi yote ni kuyakutanisha mambo mawili hayo na kufunga nati.

Nilitoa plagi ya kwanza. Nikaweka spana kwenye nati ya puli na kuzungusha injini kwa mkono, taratibu, kidole gumba cha mkono mwingine kikiwa kimeziba tundu la plagi, mpaka hewa iliposukuma kidole. Kisha nikachukua bua jembamba kavu la mtama nikalitumbukiza kwenye tundu. Hiyo ni njia ya baba. Waya unakwaruza, bua halikwaruzi. Linapanda na pistoni likikuonyesha ilipo, na unachotakiwa ni kulishika kwa upole lisikatikie ndani. Nilipokuwa nazungusha, bua likipanda kama kitu kinachoota, nilimtazama baba. Alikuwa ameegemeza kichwa mbele. Macho yake hayakuwa ya mgonjwa.

Nikasafisha puli kwa kitambaa chenye petroli na mswaki wa zamani, nikaisugua chaki, nikafuta juu juu ili chaki ibaki kwenye mikato tu. Ikatokea mistari miwili myeupe.

Mmoja ulikuwa umenyooka, mwembamba, wa kiwandani. Wa pili ulikuwa upana wa kidole kutoka wa kwanza, umepinda kidogo, mpana, umekatwa kwa tupa na mkono wa mtu.

Kitabu cha gari tulikuwa nacho, lakini mchwa walikuwa wamekula kurasa za katikati. Nilibaki na kumbukumbu, na kumbukumbu ilinipa sentensi moja ya baba. Siku moja, akifunga mashine ya kusaga ya jirani, aliniambia kwamba alama ya kiwanda inajua chombo kilivyokuwa kipya, alama ya fundi inajua chombo kilivyo sasa. Niliipenda sentensi hiyo. Niliitumia hata kwenye mikutano. Nikaamua, bila kujua kwamba nimeshaamua, kwamba alama ya tupa ndiyo ya kweli.

Hata hivyo niliuliza. Nilipiga picha puli kwa simu, nikampelekea baba kibarazani.

"Baba, hii ya tupa uliikata wewe. Ndiyo tunayofunga, siyo?"

Alitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akafumba macho.

Miaka yote nimewaambia waandishi wachanga wasiulize swali lenye jibu ndani yake, kwa sababu mtu aliyechoka atakuachia jibu lako uondoke nalo. Baba hakuinua kidole. Hakutikisa kichwa. Alifumba macho, nami nikaandika ndiyo.

Nikarudi kwenye injini. Nikaunganisha balbu ndogo, waya mmoja kwenye distributa, mwingine kwenye bodi, nikaizungusha distributa kidogo kidogo mpaka balbu ikawaka pale pale alama ya tupa ilipotazamana na ncha. Nikakaza nati. Nikarudisha plagi. Fundi jirani akaja kukaa kwenye usukani, akapiga stata.

Likawaka mara ya tatu. Lilitoa moshi, likatikisika, kisha likatulia na kuunguruma kwa sauti laini. Mama alitoka jikoni akapiga vigelegele. Fundi akapiga honi, nayo ikatoa sauti ya mbuzi mgonjwa, tukacheka wote. Na baba, kule kibarazani, alikuwa anapiga mkono wa kiti kwa ngumi ya kushoto, tena na tena. Tulifurahi kumwona anafurahi.

"Mzee anacheza ngoma," fundi alisema.

Nilimpungia mkono. Aliendelea kupiga. Uso wake ulikuwa umelowa, nami nilidhani ninajua kwa nini.

Mchana ule ule tulilitoa kulijaribu, fundi na mimi. Kwenye barabara tambarare lilikwenda vizuri, kizembe kidogo, kama mtu aliyetoka kulala. Tulipofika kwenye kilima cha mawe upande wa kutokea mjini, likaanza kupoteza mwendo. Nikarudi gia ya pili, kisha ya kwanza. Kabla hatujafika juu mshale wa joto ulikuwa umelala kwenye nyekundu na mvuke ulikuwa unatoka pembeni mwa boneti. Nilizima.

"Limechoka kabla yetu," fundi alisema. "Rejeta hiyo. Imeziba."

Tulisubiri lipoe, tukaongeza maji ya chupa, tukarudi kwa mteremko. Mama alikuwa anaanika vipande vya maboga aliposikia tunaingia. Aliuona mvuke. Aliweka chini ungo wake. Mama yangu hajawahi kugusa spana, na kwa miaka yote sikuwahi kumsikia akisema neno la injini. Alikuja mpaka mbele ya gari, akasimama.

"Umelifunga kwenye alama gani?"

Nilidhani sikusikia. "Mama?"

"Alama. Ziko mbili. Umelifunga wapi?"

"Kwenye ya tupa. Ya baba."

Fundi aliaga, bila mzaha wowote. Kuna watu wana akili ya kujua wakati wa kuondoka. Mama alitazama kibarazani, ambako baba alikuwa ameacha kupiga kiti na kuangalia chini, kisha akakaa kwenye ukingo wa kibaraza karibu na miguu yake. Alisema kwa Kinyaturu kwanza, kwake yeye, maneno mafupi: namwambia. Baba hakuinua kidole wala hakutikisa kichwa. Mama alisubiri. Kidole kikainuka.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, alisema, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na petroli kwa kibali. Baba alipata kidogo, akaongezea mafuta ya taa ili gari litembee. Injini ikagonga kama mtu anayetikisa kokoto kwenye debe. Akarudisha taimingi nyuma mpaka ikaacha kugonga, akachukua tupa, akakata alama yake mwenyewe pale kwenye puli, ili kila akikosa petroli ajue pa kuirudisha. Akipata petroli safi, anairudisha kwenye ya kiwandani. Ilikuwa kazi ya dakika kumi.

"Kwenye alama ile lilitembea," mama alisema. "Ila tambarare tu. Mlima halikupanda. Tulijua, tukazunguka milima."

Kisha shangazi akashikwa na uchungu huko Mungaa, mtoto wake wa tatu, na mambo yakaenda vibaya. Mtu alikuja kwa baiskeli kuleta habari. Siku ile, mama alisema, baba alikuwa na petroli safi. Aliipata jana yake, akajaza tangi. Alama alikuwa hajairudisha.

"Nilimwona amechukua spana, akafungua boneti. Yule wa baiskeli akamwambia, mzee, dada yako anakufa. Akaifunga boneti. Akasema, nitairudisha tukifika hospitali."

Walikwenda Mungaa vizuri, kwa kuwa kwenda ni mteremko. Walimpakia shangazi nyuma, juu ya magunia, mama akiwa ameshika kichwa chake. Kurudi kuna mpando mmoja tu wenye mawe kabla ya kushika barabara kubwa. Gari liliishia nusu. Lilichemka, likazimika. Walimwaga kwenye rejeta maji waliyobeba ya kunywa, likapanda hatua chache, likazimika tena. Ilikuwa saa nane mchana, kiangazi, na hapakuwa na nyumba karibu.

"Baba yako akafungua boneti akaanza kuifunga ile taimingi, mikono inaungua, anarudia neno moja, dakika kumi, dakika kumi. Shangazi yako alikuwa anamsikia. Mimi nilikuwa namwambia asukume. Mtoto alizaliwa pale. Wa kiume." Mama alinyoosha khanga magotini. "Hakulia."

Baada ya hapo gari likawaka, kwa sababu sasa lilikuwa limefungwa pazuri. Likaupanda mpando ule bila shida hata kidogo. Mama alisema hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote, jinsi lilivyopanda.

"Alipotoka hospitali alisema hatalipanda tena. Hakugombana. Hakumtukana kaka yake hata siku moja. Alisema tu hatalipanda. Na hakuzaa tena."

Nilimtazama baba. Nilitaka kusema pole na sikujua naisema kwa lipi kati ya mambo mawili, la zamani au la saa tano asubuhi, alipokuwa anapiga kiti na sisi tunacheka.

"Kwa nini hakuifuta ile alama?" nilimwuliza mama. "Mafuta ya taa yaliisha zamani."

"Sijawahi kumwuliza. Muulize wewe. Lakini muulize vizuri."

Kesho yake nilitoa grili na rejeta. Nilikuwa nataka kuiosha rejeta, ni kweli, lakini pia vitu hivyo vikitoka, puli inabaki wazi mbele ya gari, kwenye kimo cha mtu aliyekaa. Mama na mimi tulikibeba kiti na baba ndani yake, mapumziko matatu njiani, mpaka mbele ya injini. Sikuuliza swali la ndiyo na hapana. Niliweka vitu viwili mapajani mwake: kipande cha chaki na tupa. Kama anataka alama yake ifutwe, tupa ilikuwepo. Ningeisaga mpaka isionekane. Nikakaa kwenye ndoo nikasubiri.

Alichukua tupa kwanza. Aliigeuza. Kisha akaiweka pembeni ya paja, ikaanguka chini, naye akaiacha huko. Akachukua chaki. Nilizungusha injini kwa spana taratibu mpaka mistari ikaja mbele yake. Mkono wa kushoto haukuwa mkono wake wa kazi, chaki ikavunjika mara moja. Aliupaka mstari wa kiwandani peke yake, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa uangalifu wa mtu anayeandika jina. Ule wa tupa aliupitishia kidole tu. Kidole kikabaki pale.

Nikafunga taimingi akiwa anatazama. Balbu ilipowaka, nilimgeukia.

"Baba, balbu imewaka wapi?"

Alinyoosha kidole kwenye mstari mweupe.

Nikarudisha rejeta iliyooshwa. Gari lilipowaka, sauti ilikuwa nyingine. Sikuwa na haja ya kuambiwa. Ilikuwa kavu, nyepesi, na ukikanyaga mafuta inajibu kabla hujamaliza kukanyaga. Hakuna aliyepiga vigelegele. Baba hakupiga kiti.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi, baba na mimi. Mama alikataa kuja. Alisema safari ile aliwahi kuifanya. Baba alikaa dirishani, amefungwa kitenge kifuani ili asiyumbe. Tulipoteremka ule mpando wa mawe nilijua kuwa ndio, kwa sababu aligeuza uso upande wa pili.

Shangazi alikuwa uani, amekaa juu ya sanduku lake la bati, kilemba kipya, fimbo magotini, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Hakuinuka. Nilishuka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Hawakupi chakula huko mjini?" Macho yake hayakuwa kwangu. Aliinuka kwa fimbo, akaja hadi dirishani kwa baba. Walitazamana. Baba alifungua mdomo na ikatoka ile sauti yake isiyo na neno.

"Nyamaza," shangazi alimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa ya dada kwa kaka. "Umeongea vya kutosha miaka ile ulipokuwa na mdomo. Ulikuwa hutupi nafasi." Kisha akapita mbele ya gari, akagonga boneti kwa fimbo. "Fungua hapa."

"Shangazi, liko salama. Tumelijaribu mlimani jana."

"Nimesema fungua."

Nilifungua. Nilizungusha kwa spana mpaka alama zikatokea, nikawasha tochi ya simu. Aliinama, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye bega langu. Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia.

"Ipi aliyoikata yeye?"

"Ile isiyo na chaki."

"Na nyeupe nani kaipaka?"

"Baba mwenyewe. Kwa mkono wa kushoto."

Aliendelea kutazama. Nilisikia pumzi yake. "Imepinda," alisema hatimaye. "Alikuwa na haraka." Sikujua anasema ipi. Akaninyooshea kiganja nimwinue. "Funga."

Alikataa kukaa katikati. Mgonjwa ndiye hukaa katikati, alisema, mzima anashika mlango. Kwa hiyo tulimsogeza baba. Upande wake uliokufa ukawa kwangu, na mkono wake ulio hai ukawa kwa shangazi. Jogoo alikaa mapajani mwa shangazi, akimtazama baba kwa jicho moja. Mwalimu mstaafu alipakia sanduku na magunia nyuma, akatuombea safari njema, akafunga geti lililokuwa halina mtu wa kulinda tena.

Tukafika kwenye mpando. Sikuwa nimepanga mwendo wala gia. Nilipoyaona mawe niliweka ya pili na kukanyaga, na injini ikajibu. Shangazi aliushika mlango kwa mkono mmoja na jogoo kwa mwingine. Mshale wa joto ulikuwa katikati. Nusu ya mlima kuna jiwe pana lililolala pembeni mwa barabara, na tulipolipita wote wawili walilitazama, kisha wakatazama mbele.

Tukafika juu. Huko unaiona barabara kubwa, na mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa.

"Kumbe linapanda," shangazi alisema.

Baba akainua kidole. Kilibaki juu muda mrefu, mpaka shangazi akakishika akakishusha, nami nikaweka gia ya tatu.